Mama Dancille Hakuwahi Kusema "Iko Njiani"

Tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Dancille Uwingabire anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili na miezi saba katika Maison Habumugisha, nyumba yetu ya kuagizia wateja bidhaa kutoka nje, yote akiwa kwenye meza moja: meza ya mizigo isiyofika na fedha za kurudishwa. Sisi wengine tumebadilisha meza, simu, hata paa la depo ya mizigo. Yeye amebadilisha miwani tu, mara tatu.

Mimi Rémy Buhendwa, ninayejibu ujumbe wa wateja, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe. Nimekubali kwa furaha, ingawa kuna habari moja kuhusu zawadi yake ambayo imenikaa kooni tangu Jumatatu. Nitaifikia. Najua Mama Dancille angetaka nianze nayo, lakini anisamehe, wasifu una taratibu zake.

Wengi hawajui kwamba aliingia kwetu kama mteja, tena mteja mwenye hasira. Alikuwa mshonaji mjini. Mashine yake ya kushona ilibaki chini ya mawe ya volkano Januari 2002, naye akajinyima mpaka akaweza kuagiza nyingine kutoka Dubai kupitia kwa Muzee Habumugisha, mwanzilishi wa nyumba hii. Siku hizo hatukuwa na WhatsApp wala picha mtandaoni. Mteja alichagua kwenye katalogi yenye kurasa zilizochanika. Mashine haikuja. Kila asubuhi, kwa miezi miwili, Mama Dancille alitoka kwake, mtaa wa Mapendo, kwa miguu, akakaa kwenye benchi letu, na kila asubuhi karani alimwambia yaleyale: "Iko mu njia, mama."

Pale benchini hakuwa peke yake. Akaanza kuwauliza wenzake waliagiza nini, lini, kwa kamyo ipi, yaani lori lipi. Akawa anaingia ndani kumbana karani, kisha anatoka na kuwaeleza alichojibiwa, hata kama jibu lilikuwa "hatujui". Haikuchukua muda watu wakawa wanamuuliza yeye badala ya karani. Muzee alikuwa mtu wa kununa, lakini macho yake yalikuwa wazi. Machi 2003 alimwita ndani akampa meza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaza karatasi ya kurudisha fedha kwa jina lake mwenyewe na kumpelekea Muzee atie sahihi. Muzee alitia, bila kumtazama usoni. Fedha zile zikaenda shuleni na watoto, na mashine nyingine hakununua tena.

Alikuja na desturi ambayo kila mfanyakazi mpya huicheka mwanzoni. Kwetu hapa habari ya msiba haipelekwi kwa simu. Wanakwenda watu wawili, wanakaribishwa, wanakaa, ndipo wanasema. Mama Dancille aliamua kwamba mzigo uliokwama nao utapata heshima hiyo. Ikipita siku ya kumi na tano baada ya tarehe tuliyoahidi, wawili wetu wanapanda moto, yaani pikipiki, mpaka kwa mteja. Wanakaa. Wanamwambia tunachojua, wanamwambia tusichojua, kisha wanamwachia achague kungoja ama kurudishiwa fedha zake. Neno "iko mu njia" ni marufuku, na aliyelitamka mbele yake aliosha vikombe vya ofisi wiki nzima. Mimi nimeviosha sana.

Nikumbushe ya mtaa wa Ndosho, mwaka 2019, maana bila hiyo sherehe haitakamilika. Papa Védaste Ntirenganya alikuwa ameagiza frigo, jokofu kubwa la duka lake la vinywaji, nayo ikazuiliwa mpakani kwenye duane, yaani forodha. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Dancille amevaa kitambaa cheusi kichwani kwa sababu ya vumbi. Tukakaa, tukainamisha macho, na mimi nikakohoa. Mke wa Papa Védaste alitutazama mara moja tu, akapiga ukunga. Kabla hatujafungua mdomo, majirani walikuwa wamejaa uani na viti vya plastiki vimeanza kupangwa. Ilibidi Mama Dancille apande juu ya kreti ya soda ili asikike: "Mama, usilie! Hakuna mutu alikufa! Ni frigo tu njo ilibakia ku duane!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tulipewa chai. Papa Védaste alichagua kungoja, na frigo ikafika mwezi uliofuata. Tangu siku hiyo kanuni ikaongezwa: sentensi ya kwanza ni "Hakuna mutu alikufa", ndipo mengine yafuate.

Tulipoanza kuuza mtandaoni, Landry, mtoto wa Muzee na kiongozi wetu wa sasa, alifikiri ziara zimepitwa na wakati. Alitaka ujumbe mmoja upelekwe kwa wateja wote. Mama Dancille alimjibu mbele yetu: "Landry, ule mutu alitupatia feza bila kutuona. Basi siku ya mubaya atuone." Landry hakulirudia tena jambo hilo.

Mwaka huu ndipo tulipomjua vizuri. Vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mizigo arobaini na mmoja ikakwama Kampala. Kama wateja wote wangedai fedha zao kwa mpigo, nyumba hii ingefungwa na sisi tisa tungekuwa mitaani. Tulimsihi asubiri kidogo kabla ya kwenda kuwaambia. Alikataa. Kwa wiki tatu alizunguka Mabanga, Ndosho na kwingine, akibadilisha mwenzake kila siku, yeye anayeogopa kupanda moto kiasi cha kufumba macho na kuimba nyimbo za kanisa njia nzima. Kumi na wawili walichukua fedha zao. Waliobaki walichagua kungoja, kwa sababu aliyewauliza alikuwa yeye. Mishahara yetu ya leo imetoka humo, na ni vizuri jambo hilo liandikwe mahali.

Sasa habari ya kooni. Mama Dancille, tunakuomba ukae kwanza.

Hakuna mutu alikufa.

Mwezi wa saba, sisi wote pamoja na Landry tulikuagizia mashine ya kushona. Tuliahidiwa tarehe 10 Oktoba, na siku ya kumi na tano imekwisha kupita. Tunachojua ni kwamba ilifika depo ya Kampala tarehe 2 na kupakiwa kwenye kamyo, na kwamba kamyo ilishusha mizigo mpakani bila hiyo mashine. Tusichojua ni ilishukia wapi. Jumatatu nilifikiria kuweka sanduku tupu lenye utepe mezani kwako. Nikaona haya. Ningeweza pia kuandika hapa lile neno la njiani, lakini umenifundisha mwenyewe, na vikombe navijua.

Basi uchague, kama ulivyowaachia wengine wote kuchagua: kungoja, ama tukurudishie thamani yake leo hii. Ukichagua kungoja, kila Jumamosi wawili wetu watafika kwako Mapendo kukueleza palipofikia, hata kama jibu ni "hatujui".

Asante kwa yote, Mama. Tunaumia kukuona ukiondoka, na meza yako naipokea mimi, kwa woga. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, wajukuu wasiochoka kukutembelea, na siku moja wawili wetu wapige hodi mlangoni kwako, wakiwa wamebeba kitu kizito.