Indri Refalo, Aliyewasha Moshi Mara ya Pili

Marehemu Indri Refalo alizaliwa tarehe 30 Novemba 1571, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ndani ya Ngome ya kisiwa chetu cha Gozo, nyumba ya nyuma ya kanisa la Bikira Maria. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Nardu Refalo na marehemu Mama Katarin. Nardu ndiye yule aliyeokolewa kwa kuteremshwa ukutani kwa kamba akiwa mtoto, mwaka 1551, Waturuki walipokizoa kisiwa karibu chote wakakipeleka utumwani. Indri alinyonya maziwa pamoja na habari za kamba ile.

Masomo yake hayakuwa marefu. Padre Nikol alimfundisha sala na herufi chache, lakini kila akigeuka alimkuta mtoto kasimama dirishani.

“Indri, Mungu yuko huku mbele!”

“Najua, Padre. Ndiyo maana mimi natazama kule wanakotokea hao wengine.”

Mwaka 1589 alipewa kazi ya ulinzi kwenye mwamba ulio juu ya bandari ya Marsalforn. Kazi yenyewe mnaijua: ukiona merikebu za maharamia, unawasha kuni na majani mabichi, moshi unapanda, kengele inalia, na kila mwenye miguu anakimbilia Ngomeni. Na tuseme ukweli mbele ya marehemu, vijana wetu nao walikuwa wakienda kuwafanyia hayohayo watu wa pwani ya Barbari, huko ng’ambo Afrika. Bahari ile haikuwa na mtu wa kulala usingizi.

Sasa hapa ndipo penye maisha yake. Juni 1597 Indri aliona matanga, akawasha moshi. Loo, watu walivyokimbia! Akina mama waliacha mikate tanurini, mbuzi wakaingia kwenye uwanja wa kupuria nafaka wakala hadi wakavimba. Kumbe ni mashua za Sisili zinatuletea ngano! Kila alikopita akasikia, “We Indri, umetuunguzia mikate ya leo kwa kuogopa ngano ya kesho!” Hata watoto walimwimba.

Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa Mzee Zakarija Apap, mwokaji mikate. Indri alikuwa amemchumbia bintiye, Betta, na mahari imeshasemwa. Mzee alichukua kile chungu cha mrehani, ambacho kwetu huwekwa dirishani kuonyesha kwamba nyumba hii ina binti wa kuposwa, akakirudisha nje watu wote wakiona. Akasema, “Kijana, ukituchezea tena, hata harusini kwa jirani nisikuone.”

Mwaka ukapita. Tarehe 9 Septemba 1598, jua limeshachomoza, watu wameshateremka mashambani, na ukungu wa joto umeinama juu ya maji, Indri aliona madoa meusi. Betta alikuwa karibu, anachuma tini za mwisho za shamba lao. Akapanda mbio.

“Indri, ni nini vile?”

“Sijui. Labda ngano. Labda ukungu tu.”

“Moyo wako unasemaje?”

“Unasema baba yako ataniua.”

“Basi washa! Afadhali wewe uuawe na baba kuliko mimi niuzwe Tunisi!”

Aliwasha. Hakuwa na hakika. Mwenyewe alisema hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Moshi ukapanda, kengele ikalia, na watu wakatoka wakinung’unika, “Ngano tena!” Mzee Zakarija aliubeba unga wake uliokandwa, na karai kichwani, akifoka, “Safari hii siachi hata donge!” Betta na Indri wakawa wa mwisho kuingia, roho juu juu. Lango likafungwa, na maharamia hawa hapa chini ya kilima, na minyororo mabegani!

Wakachoma majani makavu, wakaswaga mbuzi, wakaondoka. Hawakupata mtu. Hata mmoja! Watu juu ya ukuta walilia, wakacheka, wakakumbatiana na mahasimu wao. Mzee Zakarija alimega donge bichi, akamtilia Indri mkononi. “Kula, mwanangu.” Jioni Betta alikiingiza chungu ndani kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwuliza mtu.

Walifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1598. Mwaka huu wa 1637, sheria ya kumlazimu kila mtu kulala Ngomeni usiku ilipoondolewa, walihamia nyumba yao ya bondeni. Wiki ya kwanza Indri hakupata usingizi; Betta alimkuta juu ya dari akihesabu mashua za wavuvi.

Kiangazi kifua kilianza kumbana. Alitibiwa kwa maji ya asali na kwa maombi, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Novemba 1637, kitandani kwake, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Betta. Watoto watatu, Nardu, Katarin na Zakarija. Na wajukuu ambao hata sasa hawatulii. Tena ameacha na wengine wasiobeba jina lake: kila mmoja wenu aliyezaliwa hapa na mama aliyepita langoni asubuhi ile akinung’unika. Geukeni mtazamane. Hao wote ni wafiwa.

Pumzika kwa amani, Indri, na Mungu akupe mahali pasipohitaji mlinzi.