Sahani ya Bibi wa Morningside

Ndani ya teksi ya abiria iendayo mtaa wa Morningside, Médiatrice, mpishi Mrundi, alikuwa akimweleza Mtanzania aliyeketi kando yake kwamba bibi wa Kihindi aliyemwajiri hukiweka chakula mbele ya sanamu ya mungu wake, Krishna, kwanza, kisha humgawia. Ameshakikataa mara mbili. Akikataa leo, kazi imekwisha.

"Lakini dada, si umesema bibi anaamini Mungu mmoja?" Mtanzania akauliza. "Ndiyo. Anasema ni Krishna peke yake, hao wengine ni watumishi wake tu." "Basi mnakubaliana!" "Eish, kaka, hapo ndipo iko shida. Angekuwa na miungu mingi, ningesema ni midoli, ningekula. Huyu ni mmoja, kama wangu. Wangu ataona wivu." "Na kama ni huyohuyo?" "Usinichokoze! Mchungaji wangu hataki hesabu hiyo."

Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilihesabu kimyakimya, nikapata mmoja kila upande.

Teksi ikasimama. Bibi alikuwa tayari getini, sahani mkononi. Médiatrice akashuka, akaipokea, akafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Bibi akatabasamu kwa furaha, naye akafumba yake.