Mkoba wa Saa ya Chakula

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Nawasikia mnaitikia tega huko jikoni kwenu. Haya: mdomo wake uko begani kwangu, tumbo lake liko mgongoni kwangu, namlisha huku nakimbia, wala hashibi.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Brooklyn nzima, ahsanteni. Jibu ni mkoba wa tarishi wa baiskeli.

Leo tunamkumbuka mama aliyeushona. Filomena Scardapane, fundi wa turubai, ametutoka Jumanne. Miaka tisini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Filomena Scardapane, miaka tisini na mmoja. Sisemi alikuwa wa kwanza duniani, ubishi huo waachieni wenye nafasi. Nasema mtaani kwetu, huku kusini mwa Manhattan, hatukumwona mwingine kabla yake.

Alifanya kazi kwenye karakana ya Renzo Capobianco. Walishona vivuli vya turubai vya kukinga jua mbele ya maduka, na walishona mikoba ya mafundi wa simu, wale wanaopanda nguzo. Mkono mmoja umekumbatia nguzo, mwingine unachovya mkobani. Mikoba hiyo Filomena aliishona miaka kumi na tisa.

Mwaka 1974, siku ya mvua kubwa, akaingia tarishi mmoja, Dwight Pettiford, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu. Karatasi za wakili zilikuwa zimelowana tena. Mara ya pili mwezi ule. Zikilowa mara ya tatu, hana kazi. Akauona mkoba wa nguzo umetundikwa ukutani, akaomba auziwe mmoja. Renzo akamjibu kwamba hapa hatuuzi mmoja mmoja, na wahuni wa barabarani hatuwauzii kabisa.

Filomena akamfuata nje. Akamwambia aje kesho saa sita, na aje na baiskeli.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku nzima ilikuwa ya Renzo. Saa ya chakula ilikuwa ya Filomena. Alitoa kreti la maziwa, akakaa mlangoni, mkate wa mayai na pilipili hoho mapajani, akashona kwa mkono. Turubai lilikuwa mabaki ya kutupwa, milia ya kijani na nyeupe. Akampandisha Dwight juu ya baiskeli akampimia palepale. Mkoba wa nguzo hukaa kiunoni, na kwenye baiskeli utakugonga magoti. Basi akaufupisha mkanda, mkoba ukapanda mgongoni. Akatia bizimu ya kulegeza kwa mkono mmoja, mtu auzungushe mbele bila kushuka. Ndani akaweka kitambaa kisichopitisha maji.

Bintiye, Loredana, ameniambia hivi: "Mama hakupanda baiskeli hata siku moja. Lakini ukimgeuzia mgongo, alijua unabeba nini na unainama vipi."

Ikanyesha wiki nzima. Karatasi za Dwight zikafika kavu. Wiki iliyofuata pale mlangoni walikuwa matarishi wanne. Iliyofuata, tisa. Renzo akatoka, uso mwekundu, akauliza anashona kwa ruhusa ya nani. Filomena akatafuna. Kesho yake akauliza tena. Filomena akatafuna. Matarishi wakamwambia, mzee, mwache ameze kwanza.

Ijumaa Renzo akatoa neno. Jumatatu akimkuta kwenye hilo kreti, kazi hana. Na Filomena alikuwa mjane. Loredana alikuwa na miaka saba.

Nawaambia mapema, msije mkaanza kulia: alifukuzwa. Akaenda kushonea jikoni kwake, cherehani juu ya meza ya chakula, miaka thelathini na mmoja. Matarishi walipanda ngazi kumfuata. Mlango wa Renzo hakuugonga tena.

Loredana, na wajukuu, poleni sana. Nanyi matarishi mliobaki, na magoti yenu mabovu, poleni. Wasikilizaji wapendwa, mkoba ule leo unavaliwa hata na watu ambao hawajawahi kupeleka barua. Ukiuvaa kesho, jiulize ni saa ipi katika siku yako ambayo ni yako kweli, na unaitumia kumfanyia nani nini.

Nimebakiza Jumatatu yenyewe.

Saa sita, Filomena akatoka na kreti lake. Matarishi kumi na mmoja wakaegemeza baiskeli kwenye kioo cha duka, wakakaa chini kumzunguka, kila mtu na mkate wake. Dwight ndiye aliyenisimulia. Anasema ilikuwa ni kutafuna tu.

Renzo akaja akasimama mbele yake. Siku hiyo hakupaza sauti.

"Filomena. Nakuuliza mara ya mwisho. Unashona kwa ruhusa ya nani?"

Filomena akameza. Akapangusa makombo mdomoni, akavuta uzi mpaka ukakaza.

"Yangu."