Mgebuka na Kuhe Zimebaki Katonga

RISALA YA KIKUNDI CHA MASHUA ZA MBIO, MWALO WA KATONGA, KIGOMA-UJIJI

Mgeni rasmi, Bi. Agnesi Rugema, Katibu wa chama cha taifa cha mchezo wetu. Mwenyekiti wa mtaa. Wazee wa mwalo. Wazazi, wavuvi, na ninyi wenzetu mlioacha dagaa kwenye chanja ili mje kutusikiliza, kwa salamu yetu ya Kiha: mwakeye.

Anayewasomea ni Winfrida Ntakarutimana, mkausha dagaa, katibu wa kikundi, na mama mzazi wa Yunisi ambaye habari zake mtazisikia hapa chini. Maneno lakini ni yetu sote. Tuliyajadili siku tatu na yapo ambayo baadhi yetu walitaka yatolewe.

Mgeni rasmi, risala hii imeandikwa mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi, tuliiandika binti zetu waliporudi kutoka Bagamoyo. Ya pili tuliiandika ilipokuja barua ya uteuzi. Ya tatu ndiyo hii, na mwishoni ina aya zilizoandikwa kwa peni, kwa sababu jana jioni stesheneri ya Mwanga haikuwa na umeme. Nikisitasita utanivumilia.

KUKUKARIBISHA

Karibu Katonga. Umetoka mbali, na tumeambiwa hukulala vizuri njiani. Kiti ulichokalia ni cha Mzee Castory, na hajawahi kumpisha mtu. Chakula ni ugali na migebuka, na aliyekuambia kwamba sisi wa Kigoma tunaweka mawese kwenye kila kitu hakukosea.

TULIKOTOKA

Hapa kwetu mwanamke hupanda mtumbwi kama abiria. Usukani haushiki. Mtumbwi wa dagaa ndio kabisa, hata kuukanyaga haruhusiwi, kwa maana inasemwa dagaa watakimbia. Hatuko hapa kuwasema wazee wetu. Tunaeleza tu ili ujue tulianzia wapi.

Mwaka ule ziwa lilipofungwa miezi mitatu samaki wapumzike, sisi wakausha dagaa tulibaki tumekaa. Chanja tupu, mikono mitupu, na upepo wa kusini unavuma kila siku kuanzia saa nne asubuhi. Ndipo Mzee Castory akatuita. Mzee huyu ni fundi mitumbwi, na ujanani, kabla ya injini kuenea, alikuwa akileta mapipa ya mawese kutoka Ilagala kwa tanga. Alisikia kwamba chama chako kinatafuta vijana na wanawake wa kufundishwa mbio za mashua hadi ngazi ya kimataifa. Wazee wenzake wakamkatalia, wakamkumbusha habari ya dagaa kukimbia. Yeye akawajibu, "Dagaa wamepumzishwa na serikali. Sasa watamkimbia nani?"

Nasi tukaingia majini.

Chama kikatuazima mashua mbili za watu wawili wawili. Tukazipa majina ya samaki wetu, moja Mgebuka kwa sababu ina mbio, nyingine Kuhe kwa sababu ni nzito kidogo. Kikatuletea na mwalimu kutoka Dar es Salaam, akakaa nasi wiki sita kumfundisha Mzee Castory kanuni za mashindano. Barua ya kuazimwa ilikuwa na sharti moja. Baada ya miaka miwili, kama hakuna jozi yetu itakayoingia kwenye sita bora za uteuzi wa timu ya taifa, mashua zitarudishwa na kupewa mkoa mwingine. Sharti hilo hatukulilalamikia na leo hatulilalamikii. Mashua ni chache na nchi ni kubwa. Ila kila tulipozivuta pwani tulizitazama kama mtoto wa kulea ambaye wenyewe wanaweza kumfuata wakati wowote.

TULICHOFANYA

Tuko thelathini na mmoja, wanawake kumi na wanne na vijana kumi na saba. Tulipoanza, kati ya hao wanawake kumi na wanne, kumi na mmoja hatukujua kuogelea, ingawa tumezaliwa hapa na maji ya kuoshea vyombo tunayachota ziwani. Leo wote tunajua. Tunapindua mashua makusudi katikati ya maji na kuiinua kabla Mzee Castory hajamaliza kuhesabu hamsini, naye huhesabu haraka akiwa na hasira.

Melania, mkausha dagaa mwenzetu na mama wa watoto wawili, ndiye mshika usukani wetu wa kwanza. Mumewe Adolf alisema hawezi kula sahani moja na mtu anayefukuza dagaa. Ziwa likafunguliwa, Adolf akapata dagaa kuliko mwaka uliotangulia. Hajasema ni kwa sababu yetu, nasi hatujambana. Ila sasa ndiye anayeshona matanga yetu yakichanika, na hataki mwingine ayaguse.

Mwenzake Melania ni Yunisi, mwanangu, miaka kumi na saba, anayeshughulikia tanga la mbele. Hao wawili ndio tuliowapeleka Bagamoyo kwenye mbio za uteuzi, na Mgebuka yao juu ya lori.

CHANGAMOTO, YAANI BAGAMOYO

Sehemu hii ndiyo ambayo Mzee Castory alitaka itolewe. Tumeibakiza, mgeni rasmi, kwa kuwa ni afadhali uisikie kwetu.

Jozi zilikuwa kumi na nne, mbio tano kwa siku mbili. Siku ya kwanza mbio tatu, na binti zetu wakawa wa saba. Siku ya pili zilibaki mbili, zote za alasiri, lakini mashua zilitakiwa kukaguliwa majini asubuhi. Ukaguzi ukaisha, watu wakaambiwa wakale.

Hapa Katonga, mgeni rasmi, ukitaka kuondoka tena baada ya kula huivuti mashua hadi juu. Unaiacha ukingoni, nyuma inagusa maji, kamba unaifunga kwenye jiwe. Ukirudi unasukuma kidogo unaondoka. Ndivyo walivyofanya. Waliwaona wenzao wa pwani wakitia nanga mbali na kurudi wakiwa wamelowa hadi kifuani, wakanong'ona kwamba watu hawa wanapenda kulowana. Ubaoni palikuwa na karatasi ya saa za maji kupwa na kujaa. Waliisoma. Hawakuelewa na waliona aibu kuuliza. Tunakiri kwamba hata sisi tuliobaki huku, na Mzee Castory akiwa wa kwanza, hakuna aliyefikiria kuwaambia. Ziwa letu hupanda na kushuka kwa miaka. Halishuki mtu akienda kula.

Waliporudi, Mgebuka ilikuwa imelala ubavu kwenye matope, na maji yako mbali kiasi kwamba watu waliokuwa kwenye ukingo wake walionekana wadogo kama kuku. Melania akamwendea mwamuzi akiwa amekasirika, akalalamika kuna watu wamevuta mashua yake nchi kavu ili wamwonee. Mwamuzi, mzee mmoja mpole, akamtazama, akavua kofia.

"Mwanangu," akasema, "mashua yako haijaguswa na mtu. Bahari ndiyo imeondoka."

Mbio ya nne ilikuwa ianze baada ya dakika arobaini. Mashua ile watu wawili hawaibebi. Na mnajua, hapa kwetu mtu akionekana anavuta mtumbwi haombi msaada. Anayepita anashika, awe anatoka shambani au anatoka kanisani na viatu vyake. Kule watu walisimama wakatoa simu wapige picha. Yunisi akalia. Halafu, huku analia, akaanzisha mwito wetu wa kuvutia mitumbwi, ule wa Kiha, peke yake, mbele ya watu wote hao. Kina mama waliokuwa matopeni wakiokota chaza wakainua vichwa. Maneno hawakuyaelewa, lakini kazi waliielewa. Wakaweka ndoo chini, wakaja wanane, wakashika.

Walichelewa mbio ya nne kwa dakika nne. Wakapewa alama za mwisho kabisa, na kutoka nafasi ya saba wakashuka hadi ya kumi.

Basi wakati wanasubiri mbio ya tano, Yunisi hakuona aibu tena. Aliwauliza wale kina mama kila kitu. Maji yatarudi saa ngapi, yanapitia wapi, wapi yana nguvu na wapi yametulia. Wakamwonyesha kwa vidole kwamba yakirudi yanakimbia katikati, kando yamelala. Mbio ilipoanza, waliokuwa mbele walipita katikati, maji yakawa yanawasukuma nyuma. Binti zetu wakaambaa kando, karibu na nchi kavu kiasi kwamba mwalimu wa timu moja alisema hao wamekwenda kukwama tena. Hawakukwama. Walimaliza wa pili, na alama zote zilipojumlishwa wakawa wa sita.

Matokeo yale yalikuwa bado yathibitishwe na kamati. Walirudi kwa treni, hawakutuambia kwamba wamefaulu kwa sababu hawakuwa na hakika, walituambia tu kwamba bahari iliondoka. Ndipo tukaandika risala ya kwanza, ya kuomba radhi. Siku kumi na tisa baadaye barua ikaja. Melania Gwasa na Yunisi Ntakarutimana, kambi ya timu ya taifa. Niliisoma nikiwa nageuza dagaa, na dagaa wa siku hiyo waliungua na jua kwa kuwa hakuna aliyerudi kuwageuza.

MAOMBI

Hapa ndipo inapoanza peni.

Tulikuwa na maombi matatu. La kwanza lilikuwa Mgebuka na Kuhe zisiondoke, kwa maana barua ile ilitaja wachezaji, mashua haikuzitaja. Jana saa sita mchana tuliona lori la chama likishuka mteremko, limefunikwa turubai, likielekea moja kwa moja zilipo mashua. Mgeni rasmi, tunaomba utusamehe. Sisi kina mama tuliacha kazi tukapanda ndani, saba kwenye Mgebuka na saba kwenye Kuhe, tukakaa. Dereva wako, Ndugu Telesphory, akashuka akatusalimu kwa adabu, akauliza, "Mama zangu, mbona mmekaa humo na hakuna maji?"

Nikamwambia hizi haziondoki.

"Nani amesema zinaondoka?" akasema. "Mimi nimeleta, sikuja kuchukua."

Akafungua turubai. Ilikuwa boti ya uokoaji yenye injini, na juu yake bahasha yenye saini yako, inayosema mashua mbili ni za Katonga moja kwa moja. Boti ya uokoaji ndiyo iliyokuwa ombi letu la pili. Miaka miwili Mzee Castory amekuwa akitufuata kwa mtumbwi wa kasia, na umri wake ni miaka sabini na mmoja. Tulilia, mgeni rasmi, tunasema wazi. Tulikuwa tumebeba hofu ile miaka miwili na hatukujua ni nzito kiasi gani hadi tulipoitua. Mzee Castory hakulia. Aliizunguka injini mara nne, akaenda nyuma ya chanja, akakaa huko muda mrefu.

Kwa hiyo ombi la kwanza na la pili tumeyafuta. Kabla ya la tatu naomba niseme la kwangu kama mama. Yunisi anakwenda kambini wiki ijayo na hajawahi kulala nje ya nyumba yangu zaidi ya safari ile moja. Anapenda uji wa moto na hasemi akiwa mgonjwa. Nimemaliza.

Ombi la tatu limebaki. Tunaomba mbio za uteuzi zijazo zifanyike hapa, Ziwa Tanganyika. Wenzetu wa pwani walitufundisha, nasi tunataka kuwalipa wema. Waje na mashua zao. Wasihangaike kutia nanga mbali wala kulowa. Waziache ukingoni, wafunge kamba kwenye jiwe, waje kula ugali na migebuka bila haraka. Wakirudi watayakuta maji pale pale walipoyaacha.

Mwenyezi Mungu, tunayemwomba kanisani na msikitini, akurudishe salama kwa watoto wako, akupe afya na usingizi wa njiani.

Ni sisi, wakausha dagaa na watoto wao,
Kikundi cha Mashua za Mbio, Katonga.