Walinisikia Wakanyamaza

Dada zangu, nashukuru mmenipa nafasi kabla chai haijaletwa, maana ikishaletwa hakuna atakayenisikiliza. Nimesimama na mguu mmoja na nusu, mniwie radhi. Majina sitaji. Wahusika wamo humu, wanajijua, na wameshaanza kuinamisha vichwa.

Wengi wenu mnajua nilikuja Toronto nikiwa mhasibu kamili. Hapa nikaambiwa soma upya. Nikachagua mtihani unaotoa watu jasho, ule wa wachambuzi wa uwekezaji, wenye hatua tatu. Hatua ya pili ikaniangusha. Nikarudia, ikaniangusha tena. Sikumwambia mtu. Ndugu zangu, nawaambia, kufeli ukiwa mtu mzima kuna aibu yake. Usingizi ukanihama, chakula hakipiti, nikawa naongea peke yangu jikoni. Mwanangu ananiangalia, ananiuliza kwa Kiingereza naongea na nani.

Mmoja wenu akanishika mkono akasema, "Wewe, utarukwa na akili. Njoo tutembee." Ndiyo nikaingia kwenye kundi letu, tukijiandaa kwa ile safari ya miguu ya kutwa nzima, kutoka Scarborough hadi upande wa pili wa jiji. Jumamosi asubuhi tunashuka bondeni, nyuma ya maghorofa ya Crescent Town. Mimi natembea huku nakariri kwa sauti: riba, zile hati za mikopo ziitwazo hatifungani, thamani ya sasa. Mkanichoka. "Kaa nyuma huko na hesabu zako, dada, sisi tunataka kusikia ndege!" Ndiyo maana siku ile nilikuwa nyuma.

Theluji ilikuwa inayeyuka na ukungu umejaa bondeni, hata miti siioni vizuri. Nikasikia naitwa. Si jina mnalolijua ninyi. Ni jina la utotoni, alilokuwa akiniita mama yangu peke yake, na mama tulimzika kabla sijaja huku. Liliitwa mara moja, taratibu, kutoka upande wa kijito. Nanyi mnajua tulivyolelewa: ukiitwa usimwone anayekuita, usiitike. Ukiitika, umejipeleka mwenyewe.

Sikuitika. Nikakaza mwendo, nikakimbia, nikakanyaga barafu, nikaserereka hadi ukingoni mwa kijito. Kifundo cha mguu kikalia kah! Kutoa simu, imeshazimika kwa baridi. Nikapiga kelele, "Jamani! Nisaidieni!"

Mbele, nyayo zikasimama. Nilizisikia kabisa. Kisha mtu akanong'ona, na ukungu ukaniletea mnong'ono ule hadi sikioni: "Mmesikia?" Mwingine akajibu, "Nyamaza. Usigeuke." Nyayo zikaanza tena, haraka zaidi.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, na hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana kitu kisichoonekana na kinachokujua jina ndicho kibaya zaidi. Nikamtaja Mungu. Nikasikia, "Hata shetani anajua kusali! Twendeni!" Maji yameshaingia viatuni, miguu siisikii tena. Na nilichoogopa si kufa tu, dada zangu. Niliogopa kwamba pengine mko sahihi. Pengine nilishakufa pale nilipoteleza, na huyu anayeita si mimi.

Sijui nini kilinijia. Nikapaza sauti yangu yote: "Riba ya soko ikipanda, bei ya hatifungani inashuka! Ya muda mrefu ndiyo inashuka zaidi!"

Nyayo zikasimama. Dada yetu mmoja wa Nairobi akapiga ukelele: "Wee! Huyo ni yeye! Jini gani anasomea hatifungani?"

Mkarudi mbio mmeshikana mikono, mnalia na kusali kwa pamoja, mkanibeba hadi barabarani. Baadaye niliwauliza nani aliniita kwa lile jina. Hakuna aliyesikia kitu, na hakuna kati yenu aliyelijua. Hilo siwezi kulieleza, na sitaki kulichimba.

Safari ya miguu mliimaliza bila mimi. Lakini mguu wangu ukiwa umefungwa plasta, mlikuja kwa zamu na sufuria za wali, mkashika vitabu msivyovielewa, mkaniuliza maswali na kunizomea nikikosea. Hapo ndipo nilipowaambia kwa mara ya kwanza kwamba nimefeli, tena na tena. Mmoja akasema, "Na mimi ule wa unesi," akaendelea kupakua wali. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Nikaenda kufanya mtihani kwa magongo. Majibu yametoka wiki hii. Nimefaulu! Ngojeni, msipige vigelegele sana, hatua ya tatu bado.

Asanteni mliorudi. Asanteni pia mliotaka kukimbia mkavutwa, nawajua. Sisemi tuache mafundisho ya wazee, kwa sababu hata mimi siku ile sikuitika. Lakini humu kwenye haya maghorofa kuna mtu anaita sasa hivi, mlango kaufunga, na sisi tunapita kwenye korido tukijisemea si letu hilo. Mimi niliita hivyo muda mrefu kabla sijateleza. Mkisikia, ogopeni kama mnaogopa. Lakini rudini mkaangalie.