Robota la Madaraja Mawili

Tangu treni itoke Tabora, Aleksi alijifanya amelala, kwani maneno ya majirani zake yalikuwa matamu kuliko usingizi. Mama Rustika, mkulima wa tumbaku wa Urambo, alikuwa amemkalia kooni kijana Deus, mwanafunzi wa chuo cha biashara.

“Binti yangu anataka kusomea uzamili wa biashara na wa sheria kwa mpigo. Baba yake anangoja jibu langu leo.”

“Ni jambo jema, mama. Masomo mengine yanahesabiwa kwenye shahada zote mbili, unaokoa mwaka mzima.”

“Lakini sisi ukifunga tumbaku ya madaraja mawili ya ubora kwenye robota moja, mzigo mmoja wa kuuza, sokoni wanalikataa lote.”

Deus akasema shahada si tumbaku. Mama akauliza kama kuna jani lililowahi kukaushwa kwa moto wa haraka likatoka zuri. Aleksi, mkulima naye, akaanza kuvitilia shaka vyuo vyote.

Treni ikapunguza mwendo. Mama akasimama, akabeba mzigo wake. “Na wewe, mwanangu, unasoma hivyo hivyo?”

“Ndiyo, mama. Ila shahada ya sheria nimeiahirisha kwanza.”

Treni ikasimama Urambo, kituo chake mama. Mama Rustika akakaa tena.