Mtaro Uliofukiwa Mangola

Baba Padri, ndugu na majirani, mimi Marsela, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu Wilibrodi Amnaay, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi ya waliokaa mbele wangependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa Kansay tarehe 4 Machi 1931, akasoma hadi darasa la nne, akafanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, na tarehe 16 Juni 1956 akafunga ndoa na mama yetu Evarista kanisani Karatu, msimamizi wake akiwa Bwana Clemensi, ambaye leo yuko hapa na miwani yake myeusi. Walijaliwa watoto watano.

Mwaka 1974 alihamia hapa Mangola, akalima vitunguu vya kumwagilia, na maji yaliyozidi yalitoka kwa mtaro uliopita shambani kwa Bwana Clemensi, mpaka Novemba 1979, Bwana Clemensi, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alipoufukia akapanda migomba juu yake. Maji yakakosa pa kwenda, yakatuama ardhini, jua likayavuta yakaacha chumvi juu ya udongo, na mama akaukwangua ule weupe akapikia makande, akidhani Mungu ametuletea magadi mlangoni. Msimu uliofuata vitunguu viliungua ncha, mahindi yakawa manjano, na baba alipolalamika mkutanoni, mwenyekiti alimjibu kwamba mchagua jembe si mkulima, watu wakacheka. Mimi nilikuwapo, na waliocheka nawajua kwa majina.

Alianza kuugua tumbo mwaka 1984, akalazwa mara nyingi, akafariki dunia tarehe 14 Juni 1988. Ukoo ulitaka azikwe Kansay kwa wazee wake, lakini aliagiza azikwe hapa, kwenye udongo usioota hata nyasi, ili kila asubuhi Bwana Clemensi afunguapo mlango aanze na msalaba wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wakulima wenzake wa vitunguu. Nawe Bwana Clemensi tunakushukuru kwa kuja, tulipopita na jeneza tumeona migomba yako imeanza kukauka kingo za majani na udongo wake umekuwa mweupe, na tumefurahi, tena sana, maana mchimba kisima huingia mwenyewe, kumbe na mfukia mtaro pia. Utakapotafuta watu wa kukusaidia kuuchimba upya, usije kubisha hodi kwetu.

Baba, wewe pumzika kwa amani, sisi bado.